Boksi la spika: jinsi ya kulitengeneza nyumbani likatoa besi bila kumaliza betri

Spika nyingi zinazolalamikiwa kuwa hazina besi hazina ubovu wowote. Zimefungwa vibaya tu.

Morotonga na Mugumu yote, na kule Tarime hadi Sirari, si vigumu kupata spika isiyo na boksi. Nyingine imetolewa kwenye redio iliyokufa, nyingine kwenye gari bovu, nyingine imenunuliwa mpya dukani. Seremala yupo, mbao zipo, betri ya sola ipo. Basi mwenye spika anaipeleka kwa seremala na kumwambia, "Nifungie hii." Seremala anatengeneza kitu kizuri, kimenyooka, kimepakwa vanishi. Muziki ukiwashwa, sauti inatoka kama iko ndani ya ndoo. Ushauri unaofuata huwa ni mmoja: nunua ampilifaya kubwa zaidi. Mbuzi anauzwa, ampilifaya inanunuliwa, na betri inakata kabla harusi haijafika katikati.

Pesa hiyo mara nyingi ingeweza kubaki mfukoni. Boksi la spika lina kazi yake, na lina vipimo vyake. Hapa tunaeleza kazi hiyo ni ipi, kisha tunatoa vipimo vya boksi moja ambalo fundi wa kawaida anaweza kulitengeneza kwa msumeno, keekee, gundi na skrubu.

Spika inapiga mbele na nyuma

Tazama spika yoyote. Mbele ina koni, ile karatasi ya duara inayocheza. Nyuma ina sumaku. Katikati, ndani ya mwanya wa sumaku, kuna koili ya waya mwembamba iliyogundishwa kwenye koni. Umeme wa muziki ukipita kwenye koili, sumaku inaisukuma na kuivuta mara nyingi kwa sekunde, na koni inasukuma hewa. Muundo huu ulielezwa mwaka 1925 na wahandisi wawili wa Marekani, Chester Rice na Edward Kellogg, na hadi leo spika nyingi duniani zinafanya kazi hivyo hivyo.

Sasa angalia jambo moja. Koni ikienda mbele, inasukuma hewa ya mbele na papo hapo inavuta hewa ya nyuma. Ikirudi nyuma, inavuta ya mbele na kusukuma ya nyuma. Kwa hiyo spika inatoa sauti mbili zinazopingana. Kama hakuna kitu cha kuzitenganisha, hewa iliyosukumwa mbele inazunguka ukingo wa spika na kuziba pengo lililoachwa nyuma. Sauti mbili zinafutana.

Sauti nyembamba hazifutani sana kwa sababu mawimbi yake ni mafupi, yanakwenda moja kwa moja mbele. Sauti nene ndizo zinazopotea. Wimbi la sauti ya mitetemo 50 kwa sekunde, au tuseme hezi 50, lina urefu wa karibu mita 7. Wimbi la namna hiyo linaizunguka spika ya inchi 10 bila taabu.

Unaweza kulithibitisha hili leo. Unganisha spika isiyo na boksi, iweke mezani na uwashe muziki kwa sauti ndogo. Kisha chukua kipande kikubwa cha katoni ngumu au ubao, kata tundu la ukubwa wa koni, na uishikize spika kwenye tundu hilo. Besi itaongezeka papo hapo, na hujaongeza hata wati moja. Katoni imefanya kazi ya kwanza ya boksi: kutenga hewa ya nyuma na hewa ya mbele.

Litungu linaimba, boksi lisiimbe

Hapa ndipo mafundi wengi wanapopotea, na si kwa ujinga. Wanapotea kwa sababu ya kitu kizuri wanachokijua.

Mara tunalo litungu, chombo cha nyuzi cha Wakurya. Mwili wake ni mti uliochongwa ukabaki na uwazi, ukawambwa ngozi. Nyuzi peke yake zina sauti ndogo sana. Zinapopigwa, mtetemo wake unaingia kwenye mwili na kwenye ngozi, na huo mwili ndio unaoimba. Ngoma nayo ni hivyo, mti na ngozi vinatetemeka pamoja. Ukimpa mchongaji mti mkavu, mwepesi, wenye kuta nyembamba, anafurahi, maana chombo kitalia vizuri.

Boksi la spika ni kinyume chake. Muziki umekwisha kupigwa na wenyewe huko studio, na litungu, gitaa na ngoma vyote vimo ndani ya wimbo. Spika inatakiwa kuurudia ulivyo. Boksi likianza kutetemeka, linaongeza sauti yake juu ya kila wimbo, sauti ile ile moja, uwe unapiga kwaya au taarifa ya habari. Hiyo ndiyo "sauti ya ndoo." Na nguvu iliyotumika kulitetemesha boksi imetoka kwenye betri yako.

Ndiyo maana simu ikiwekwa ndani ya bakuli inasikika zaidi, lakini mtangazaji anakuwa kama amebanwa pua. Bakuli linaielekeza sauti upande mmoja, na pia linaongeza mlio wake lenyewe.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza tunayokupa ni hii: spika iimbe, boksi linyamaze. Gonga ubavu wa boksi kwa kifundo cha kidole. Likijibu "ko," fupi na zito, ni zuri. Likilia kama ngoma, bado halijawa boksi la spika.

Ukubwa unatoka kwenye spika

Watu wengi huamua ukubwa wa boksi kwa macho, au kwa mbao zilizobaki. Lakini hewa iliyofungiwa ndani ya boksi inafanya kazi kama springi. Koni ikiingia ndani inaibana hewa, na hewa inairudisha. Boksi dogo lina springi ngumu, boksi kubwa lina springi laini.

Boksi likiwa dogo mno, besi ya chini kabisa inakatika, na inabaki besi inayovuma noti moja tu, "bum, bum," bila kufuata gitaa. Boksi likiwa kubwa mno, springi inalegea, na ukiongeza sauti koni inaruka kupita uwezo wake hadi koili inagonga kwa nyuma. Spika nyingi za sabufa hufa hivyo.

Kwa muda mrefu mafundi walibahatisha. Mwaka 1961 mhandisi wa Australia, Neville Thiele, alieleza jinsi ya kukokotoa boksi kutokana na tabia za spika yenyewe, na miaka ya 1970 Richard Small aliendeleza kazi hiyo. Ukinunua spika mpya yenye karatasi ya maelezo na ukaona herufi Fs, Qts na Vas, hizo ndizo namba zao. Zipo programu za simu za bure ambazo ukiziingizia namba hizo zinakupa lita za boksi. Usiitupe karatasi hiyo.

Spika isiyo na karatasi, anza na makadirio haya kwa boksi lililofungwa pande zote:

- Spika ya inchi 6 na nusu: lita 8 hadi 15
- Spika ya inchi 8: lita 15 hadi 25
- Spika ya inchi 10: lita 25 hadi 40
- Spika ya inchi 12: lita 40 hadi 60

Tazama pia ukingo unaoizunguka koni. Ukiwa wa mpira laini au sponji, na koni inasukumika kirahisi kwa vidole, spika hiyo inafaa boksi lililofungwa. Ukiwa wa kitambaa kigumu chenye mikunjo, na koni haisogei sana, hiyo ni spika ya ukumbini. Haitatoa besi nene sana ndani ya boksi dogo hata ufanye nini. Ipe lita nyingi zaidi.

Mbao gani?

Seremala wetu anapenda mbao ya mti mmoja, na kwa kitanda au meza ana haki. Kwa boksi la spika mbao ya namna hiyo ina tatizo. Inanywa unyevu masika na kuupoteza kiangazi, na kila mara inatanuka na kusinyaa upande wa upana. Maungio yanafunguka na hewa inapita. Kama ni lazima uitumie, iwe imekauka vizuri.

Kilicho rahisi ni plaiwudi ya milimita 18. Tabaka zake zimepishana, kwa hiyo haipindi kirahisi, na inashika skrubu. Bodi ya nyuzi za mbao zilizogandamizwa, ile ambayo mafundi huiita MDF, ni nzito na imenyamaza vizuri, lakini ikinyeshewa inavimba na hairudi tena. Kama boksi litapanda bodaboda kwenda kwenye sherehe, chagua plaiwudi. Milango ya kabati la zamani nayo inafaa kama haijaliwa na mchwa.

Plaiwudi ya milimita 9 au 12 usiitumie kwa spika ya inchi 10 au zaidi bila kuikaza kwa ndani. Itageuka litungu.

Ukikata bodi za namna hii, fanya kazi nje na uzibe pua na mdomo kwa barakoa. Vumbi lake ni laini sana na lina gundi ndani yake. Watoto wakae mbali.

Mfano: boksi la lita 30 kwa spika ya inchi 10

Lita moja ni sentimita za ujazo 1,000. Boksi lenye nafasi ya ndani ya upana wa sentimita 30, kimo sentimita 40 na kina sentimita 25 lina 30 × 40 × 25, ambayo ni 30,000. Hiyo ni lita 30. Spika yenyewe na mbao za kukazia zitachukua lita 2 hivi, kwa hiyo inabaki kama 28.

Kwa plaiwudi ya milimita 18, kata vipande hivi:

- Mbele na nyuma: vipande 2 vya sentimita 33.6 kwa 43.6
- Mbavu: vipande 2 vya sentimita 43.6 kwa 25
- Juu na chini: vipande 2 vya sentimita 30 kwa 25
- Mti wa kukazia: kipande 1 cha sentimita 30, upana wa vidole vitatu

Karatasi moja ya plaiwudi ya futi 8 kwa 4 inatoa maboksi matatu ya namna hii na mabaki. Kwa hiyo wawili au watatu mkichangiana karatasi moja, kila mmoja analipa kidogo.

Kabla ya kukata tundu la mbele, pima spika yako mwenyewe. Spika zinazoitwa za inchi 10 hazilingani. Tundu liwe la ukubwa wa kikapu cha nyuma kinachoingia, na ule ukingo wenye matundu ya skrubu ubaki umekalia ubao. Chora duara kwa uzi na penseli: funga uzi kwenye msumari katikati, urefu uwe nusu ya kipenyo, zungusha.

Kisha fuata hatua hizi.

Kwanza, unganisha mbavu na vipande vya juu na chini kwa gundi ya mbao na skrubu. Vipande vya juu na chini vinakaa katikati ya mbavu. Toboa kwanza kwa keekee nyembamba ili plaiwudi isipasuke. Weka skrubu kila baada ya sentimita 10. Gundi ndiyo inayoshika, skrubu inabana tu hadi gundi ikauke, kwa hiyo usifanye uchoyo wa gundi.

Pili, pitisha mti wa kukazia ndani ya boksi kutoka ubavu mmoja hadi wa pili, karibu na katikati lakini si katikati kabisa, na uangalie usigongane na sumaku ya spika. Kipande hiki kimoja kinanyamazisha boksi kuliko tabaka tatu za vanishi.

Tatu, funga ubao wa nyuma, kisha wa mbele. Pima pembe mbili zinazokatizana kwa uzi kabla gundi haijakauka. Zikilingana, boksi limenyooka.

Nne, ziba kila ungio kwa ndani kupitia tundu la spika. Silikoni ya dukani inafaa. Kama huna, changanya unga wa msumeno na gundi ya mbao mpaka iwe kama ugali laini, uisukume kwa kidole kwenye nyufa zote. Tundu la waya nalo lizibwe.

Tano, jaza pamba ndani kiasi, usiishindilie. Kwetu Mara pamba si kitu cha kutafuta mbali. Iweke ndani ya kipande cha chandarua cha zamani kilichooshwa vizuri ili nyuzi zisiingie kwenye spika. Pamba inapunguza mwangwi wa ndani, ule unaofanya sauti ya mtu isikike kama iko kisimani.

Sita, kata tyubu ya zamani ya baiskeli na uizungushe kwenye ukingo wa tundu kabla ya kuweka spika. Itaziba hewa kuliko gundi, na siku ukitaka kuitoa spika itatoka bila kuvunja kitu.

Tahadhari moja ya mwisho katika kazi hii. Spika isikae karibu na mahali unapokata na kutoboa, kwa sababu sumaku inavuta vumbi la chuma na vumbi hilo likiingia kwenye koili linakwaruza. Wakati wa kufunga skrubu za spika, shika bisibisi kwa mikono miwili. Sumaku inaivuta, inateleza, na inatoboa koni. Spika nyingi mpya zimeharibika dakika ya mwisho kwa namna hiyo.

Sasa jaribu. Sukuma koni taratibu kwa vidole vilivyotawanyika, kisha uiachie. Ikirudi polepole, boksi limefunga. Ikirudi haraka kama haikubanwa na kitu, hewa inatoka mahali. Piga wimbo wenye besi na upitishe ukanda wa karatasi nyembamba kwenye maungio. Mahali unapopepea, ziba.

Vipi kuhusu lile tundu lenye bomba?

Maboksi mengi ya dukani yana tundu lenye bomba. Si pambo. Puliza juu ya mdomo wa chupa ya soda na utasikia ikivuma noti moja. Hewa ya shingoni inacheza juu ya hewa iliyo tumboni. Bomba la boksi ndiyo shingo, na boksi ndilo tumbo. Albert Thuras wa Marekani alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1932. Likipimwa vizuri, bomba linageuza ile sauti ya nyuma, iliyokuwa ikipotea, na kuitoa mbele ikisaidiana na koni.

Kwa boksi letu la lita 28 zilizobaki, bomba la plastiki lenye kipenyo cha ndani cha sentimita 7.5 na urefu wa sentimita 13 na nusu linavuma kwenye hezi 50 hivi. Bomba refu zaidi linashusha noti, bomba fupi linaipandisha. Ukitoboa tundu bila bomba, noti inapanda juu sana na besi inakuwa ya kelele.

Lakini bomba lina gharama yake. Chini ya noti hiyo, springi ya hewa haipo tena na koni inaruka ovyo. Wimbo wenye besi ya chini sana unaweza kuua spika bila wewe kusikia dalili. Kwa boksi la kwanza, na kwa spika isiyo na karatasi ya maelezo, tunashauri ufunge pande zote.

Waya: usipishanishe

Ukiwa na spika mbili, zote lazima ziende mbele kwa pamoja. Moja ikienda mbele na nyingine nyuma, mnarudi kule kule kwa sauti zinazofutana. Kama alama za plasi na mainasi zimefutika, chukua betri moja ya tochi ya volti 1.5 na uguse nyaya zake kwenye spika kwa sekunde moja tu. Koni ikitoka nje, waya ulioguswa na plasi ya betri ndio plasi ya spika. Weka alama kwa rangi ya kucha.

Pima pia omu kwa multimita. Spika ya omu 8 husoma 6 au 7, ya omu 4 husoma 3 na zaidi kidogo. Ukiunganisha spika mbili za omu 4 sambamba, plasi kwa plasi na mainasi kwa mainasi, ampilifaya inaona omu 2. Ampilifaya nyingi ndogo hazivumilii hapo. Zinapata moto na kuungua.

Wati za kwenye kibandiko na wati za kweli

Kuna ampilifaya za volti 12 zilizoandikwa wati 1,000. Hesabu yake ni rahisi. Ampilifaya inayotumia volti 12 moja kwa moja, bila kupandisha volti kwa ndani, haiwezi kutoa zaidi ya wati 18 hivi safi kwenye spika ya omu 4, au 9 kwenye spika ya omu 8. Zile za muundo rahisi zaidi hutoa robo ya hapo. Zilizobaki ni wati za kibandiko.

Ampilifaya za gari zinazopandisha volti zinaweza kutoa nyingi zaidi, lakini hazizitoi hewani. Wati 300 za kweli zinataka zaidi ya ampea 25 kutoka kwenye betri. Betri ya ampea-saa 50 ikipigwa hivyo mfululizo haimalizi saa mbili, na betri ya asidi ikiishiwa kabisa mara kwa mara inakufa. Ukitumia betri yoyote, weka fyuzi kwenye waya wa plasi karibu kabisa na betri. Waya ukigusana bila fyuzi, nyumba inaweza kuungua.

Na masikio yetu yana hesabu yao. Kuongeza wati mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio linaitambua kwa shida kidogo. Ili isikike kama imeongezeka mara mbili, unahitaji wati kama mara kumi. Kumbe spika yenyewe zinatofautiana. Spika moja kwa wati 1, ukiwa umbali wa mita 1, inatoa desibeli 87, nyingine inatoa 93. Hiyo ya pili kwa wati 10 inalingana na ile ya kwanza kwa wati 40. Unaponunua, uliza namba hiyo kabla ya kuuliza wati.

Upo pia msaada wa bure. Sogeza boksi karibu na ukuta, au kwenye kona ya chumba. Sauti nene iliyokuwa ikitawanyika nyuma inarudishwa mbele. Uwanjani, weka boksi la besi chini, ukuta ukiwa nyuma yake, kuliko kulipandisha juu ya meza.

Masikio na majirani

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asisikilize zaidi ya saa 40 kwa wiki kwa desibeli 80, na kwa watoto ni desibeli 75. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unapungua nusu. Spika yetu ya desibeli 93 ikipewa wati 10 inatoa 103 kwa mtu aliye mita 1 mbele yake. Muda salama hapo ni kama dakika 12 kwa wiki nzima. Mtoto anayecheza mbele ya boksi kwenye harusi anaumaliza kabla keki haijakatwa, na usikivu ukipotea kwa kelele haurudi.

Uwanjani, kila umbali ukiongezeka mara mbili sauti inashuka kwa karibu desibeli 6. Kamba iliyofungwa mita 8 mbele ya spika inawatoa watoto kwenye 103 hadi 85 hivi. Bado ni kubwa kwao, lakini ni tofauti kubwa mno.

Besi pia haizuiliwi na ukuta wa udongo wala wa tofali. Tanzania ina kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Kabla ya shughuli yenye muziki wa usiku, muulize mtendaji wa kijiji au wa kata utaratibu ukoje. Kukodisha muziki ni kazi halali, na anayeifanya vizuri huitwa tena.

Ukianza kesho

Anza na spika uliyonayo. Pima kipenyo chake, pima omu zake, chagua lita zake, ndipo uende kwa seremala ukiwa na karatasi ya vipimo mkononi. Mwonyeshe seremala maelezo haya kwenye simu. Mwambie hutaki kabati zuri kwanza, unataka boksi zito, lililozibwa, lisilolia likigongwa. Vanishi itafuata. Na kama bado unafikiria kununua ampilifaya kubwa, subiri kwanza hadi boksi likamilike, usikilize nyimbo tatu unazozijua vizuri, ndipo uamue kama mbuzi auzwe.